Miaka miwili tulioga na ndala

Juzi msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia: "Kaka, hita ya shawa ikiwaka nikishika bomba la bafuni vidole vinachomachoma kama sindano. Fundi anasema nivae ndala. Ni sawa?" Mikono iliniishia nguvu, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Tulihamia nyumba yetu hapa Arusha hata rangi haijapigwa. Wenzangu mnaojenga mnajua: kodi imekuchosha, unaingia hivyo hivyo. Ilikuwa Julai, mtoto anatambaa, nikanunua shawa ya umeme, ile inayopasha maji palepale kwenye kichwa chake. Fundi aliifunga kwa nusu saa. Wiki ya pili bomba likaanza kutekenya. Nikampigia. "Kawaida hiyo bosi, vaeni ndala." Nikanunua jozi tatu, nikazipanga mlangoni mwa bafu.

Miaka miwili baadaye mwanangu akaingia peku. Nilisikia ukelele mmoja, halafu kimya. Nilikimbilia swichi kubwa kabla sijakimbilia bafuni, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwani ningemshika umeme ukiwa bado unapita tungekuwa wawili. Alipona. Mpaka leo hagusi bomba lolote bila kuniangalia usoni kwanza.

Mzee mmoja fundi alikuja kufungua. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekunjwa mara nne na kuzungushiwa tepu nyeusi. Nilipoubandua, shaba ilikuwa inang'aa kama ya dukani; haijawahi kuunganishwa popote. Nje, ardhini, hapakuwa na fimbo ya shaba ya kupokea waya huo. Na shawa ya wati 5,400, inayovuta karibu ampea 24, ilikuwa imefungwa kwa waya wa soketi wa milimita 2.5. Ganda lake lilishaanza kuwa la kahawia kwa joto.

Shawa nyingi za aina hii koili yake, yaani waya unaopasha maji, iko wazi ndani ya maji. Umeme unaovuja hutafuta ardhi. Usipoupa waya wa ethi, utapita kwako. Ndala haiondoi umeme, inakufichia tu usiuone, na ukishika bomba huku umeegemea ukuta uliolowa haikusaidii kitu.

Kwa hiyo ndugu zangu, ethi kwanza. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, simama naye, mwambie akuonyeshe waya unapoishia. Weka na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Maji yako ni ya kisima chenye chumvi? Chukua shawa yenye koili iliyofunikwa. Wenye hita ya tangi, msikubali valvu ya presha izibwe kwa sababu inadondosha matone. Ikizibwa na thamostati, kile kinachozima hita maji yakishapata moto, ikagoma, tangi linaweza kulipuka. Wa hita ya ndoo, chomoa kwanza, ndipo uguse maji.

Baba mwenzangu, uliyenunua vigae vya bei mbaya ukabana kwenye waya: nakuomba kama ndugu, rudi ukague. Fundi wangu wa kwanza bado anafunga shawa mtaani kwetu, na roho inaniuma kila nikipishana naye.

Yule wa Njombe nilimwambia azime breka ya shawa usiku uleule. Amezima. Anapasha maji kwenye sufuria mpaka fundi aje Jumamosi.