Jibu: Nimekwama sura ya kuvunja majedwali, niache kitabu?

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kitabu cha chuo ujifunze kanzidata (mfumo wa kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta) kwa video tu, kwa kuwa sura ya kuvunja majedwali, yaani kugawa jedwali kubwa kuwa madogo ili taarifa zisijirudie, haiingii kichwani. Usikiache. Kifunge kwa siku mbili, uchukue karatasi.

Mimi nilielewa hapa Moshi, nikitazama daftari la karani anayepokea kahawa ya wakulima. Kila mstari una tarehe, jina, kijiji, simu, kilo. Mama mmoja kaleta mzigo mara 14, basi simu yake imeandikwa mara 14. Akibadili laini, karani anasahihisha mstari mmoja, ile 13 inabaki na namba iliyokufa. Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyeutangaza mfumo huu wa majedwali mwaka 1970, ndiye pia aliyeanzisha kanuni za kuvunja majedwali zinazokusumbua, na dawa yake ndiyo hii: jedwali la wakulima, kila mmoja na namba yake isiyojirudia, na jedwali la mizigo linalobeba namba hiyo, tarehe na kilo.

Bei je? Hapa wengi huteleza. Bei ya kilo iandike kwenye mzigo wenyewe, maana ikipanda mwezi ujao, malipo ya zamani hayatakiwi kuguswa.

Yajenge majedwali hayo kwenye SQLite, programu ndogo ya kanzidata. Ni ya bure na haihitaji intaneti. Kisha rudi kwenye sura ile, fanya maswali yake kwa kalamu. Ukikwama kwenye kanuni ya tatu kati ya hizo za Codd, weka majedwali yako hapa tuyapitie pamoja.