Kabla Hujaweka Akiba Yako Kwenye Mradi Uliotangazwa

Mwaka 2012 nilikuwa nikifua mashuka ya hoteli Invermere, mji mdogo wa bonde la mto Columbia, jimbo la British Columbia nchini Kanada. Mwaka huo serikali ya jimbo ilitia saini mkataba wa kuendeleza Jumbo Glacier Resort, kituo cha mchezo wa kuteleza kwenye theluji kilichokusudiwa kujengwa milimani, kilomita 55 hivi magharibi mwa mji wetu, kisha ikatangaza kuundwa kwa manispaa ya huko, yenye meya na madiwani wawili wa kuteuliwa, ingawa hapakuwa na mkazi hata mmoja. Nilijiambia kwamba penye meya hapakosi watu. Nikachukua akiba iliyokuwa ya kumalizia nyumba ya mama Tanga, nikanunua mashine mbili kubwa za kufulia na kulipia chumba cha kuziweka.

Laiti ningeuliza kwanza umri wa mradi wenyewe! Wazo lake liliwasilishwa mwaka 1991. Cheti cha mazingira kilitolewa mwaka 2004, kikaongezwa muda, kwa sharti kwamba ifikapo Oktoba 2014 ujenzi uwe umeanza kwa kiasi cha kuridhisha, la sivyo kingekufa. Sharti hilo halikufichwa. Mimi ndiye sikulitafuta. Kwa hiyo, ndugu yangu, omba kuona cheti, tafuta tarehe ya mwisho, kisha nenda ukajionee mwenyewe.

Nilikwenda mwezi huohuo wa Oktoba, kwa barabara ya changarawe inayopanda hadi bonde la Jumbo. Nilikuta sakafu ya zege, rangi yake bado mbichi, na matope ya magari yameganda kandokando. Nguzo ya lifti ya kuwapandisha watelezaji mlimani sikuiona hata moja. Nilisimama pale kwenye baridi nikahesabu upya fedha za mama. Wakaguzi walikuja kubaini kwamba majengo yalikuwa yamewekwa kwenye njia ya maporomoko ya theluji, na Juni 2015 waziri wa mazingira akaamua kwamba ujenzi haukuwa umeanza ipasavyo.

Lakini kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kutowasikiliza wenyeji. Kwa Waktunaxa, wenyeji wa asili wa eneo hilo, bonde lile la Jumbo ni Qat'muk, makao ya roho ya dubu, na walikuwa wamelitolea tamko rasmi mwaka 2010. Majirani zangu nao walikuwa wamebandika kwenye magari yao stika za kutaka Jumbo iachwe pori, nami nilizipita kila asubuhi kana kwamba hazinihusu. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada iliikataa hoja ya Waktunaxa dhidi ya mradi, hata hivyo hawakuliacha bonde lao, na Januari 2020 ikatangazwa kwamba haki za ujenzi zimekomeshwa na eneo litahifadhiwa chini yao. Upinzani uliodumu miaka karibu 30 ulistahili kuwemo kwenye hesabu zangu tangu siku ya kwanza.

Anza na wateja waliopo, hata wakiwa wachache. Mashine moja niliiuza kwa hasara. Ya pili hufua mashuka ya nyumba za wageni wanaokuja kiangazi kwenye ziwa Windermere, ambao walikuwepo siku zote. Kwa fedha hizo nyumba ya mama ilipata bati mwaka 2018.