Aleji ya karanga na Halloween: SINDANO USIIACHE NYUMBANI

Dada, hiyo sindano ya adrenalini, ile ya dharura ya aleji, usiiache!! Umeandika mwanao ana miaka sita, ana aleji ya karanga, ndo Halloween yake ya kwanza hapa Columbus, Ohio, ile sikukuu watoto wanavaa mavazi ya kuigiza wakipita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na kuna mtu kakwambia ubebe tu dawa ya maji ya aleji maana sindano ni ya mahututi. Huyo mtu usimsikilize tena kwa jambo lolote la mtoto.

Na mimi niliambiwa hivyohivyo na mama mmoja wa grupu letu la WhatsApp, anaongea kama daktari bingwa, eti adrenalini itamsimamisha mtoto moyo, mpe dawa ya maji usubiri. Basi sindano ikabaki kwenye droo ya jikoni. Tukatoka Beggars' Night, ndo usiku wenyewe wa kuomba pipi huku, kijana wangu mwenye aleji hiyohiyo kavaa dubu, lile vazi la manyoya mpaka shingoni na kinyago cha plastiki. Mlango wa watu huko akachukua kichokoleti kwenye bakuli akakitafuna palepale ngazini. Akawa anajikuna shingo, nikajua ni joto la manyoya. Mara kikohozi kikavu, hakikatiki, namvua kinyago midomo imeshavimba, nafungua zipu kifua kizima vipele. Nikampa ile dawa ya maji, akaitapika yote. Tukarudi mbio nimembeba, baba yake yuko kwenye simu na 911, nikashusha lile vazi nikamchoma pajani kwa nje juu ya suruali, na kweli inapita kwenye nguo. Pumzi ikarudi kabla ambulensi haijafika.

Hospitali walitubakiza kwa masaa maana aleji inaweza kurudi hata kama mtoto kashachangamka. Daktari akanieleza, dawa ya maji inatuliza mwasho na vipele, koo haifungui, presha haipandishi. Ukiona vipele halafu na kikohozi au kutapika juu yake, unachoma kwanza ndo unapiga 911. Yule mama mpaka leo anagawa ushauri kwenye grupu na watu wanamwekea vidole gumba, inaniuma sana jamani, kuna watoto wa watu mle.

Zibebe mbili, saa nyingine moja haitoshi. Na zikae mwilini mwako sio kwenye gari, baridi na joto kali vinaziharibu.

Pipi hailiwi njiani hata moja. Vile vidogo vingi karatasi yake haina orodha ya vitu vilivyomo, orodha iko kwenye mfuko mkubwa umebaki kwa mwenye nyumba. Na usiseme mbona kile kikubwa cha jina hilohilo anakula, kidogo kinaweza kuwa kimetengenezwa tofauti. Ukiona boga la rangi ya bluu-kijani nje ya nyumba gonga bila wasiwasi, hao wana stika, penseli, vitu visivyoliwa, ili mtoto kama wako asirudi mikono mitupu wenzake wakifurahi. Jambo hilo lilianzia jimbo la Tennessee 2012, siku hizi limeenea, na wewe weka lako mlangoni.

Vazi achague analotaka ila kinyago hapana, uso wake uuone muda wote. Njoo PM nikuonyeshe namna ya kuchoma, nnayo ile ya mazoezi haina sindano ndani, na baba yake naye ajaribu, na yeyote mkubwa atakayetembea na mtoto.