Kikohozi kisichopona na kidonda usoni: vinaweza kuwa ugonjwa mmoja

Mleta mada, umeuliza kama kikohozi cha miezi miwili cha mkeo na kidonda kilichomtoka shavuni vina uhusiano, maana daktari wa kifua na wa ngozi kila mmoja anatibu cha kwake. Inawezekana kabisa. Mimi yalinikuta.

Nilikuwa Wisconsin, Marekani, nikiondoa magogo yaliyooza kando ya mto. Wiki kadhaa baadaye ikaja homa, jasho la usiku na kikohozi. Nikaambiwa nimonia, antibiotiki dozi mbili, wapi. Kisha pembeni ya pua kikatoka kipele kisichouma. Kikatanuka taratibu, juu kikawa kigumu na chenye kukwaruza kama chunjua, kingo zimeinuka, rangi ya zambarau, na ukisogeza kioo unaona pembezoni vitone vya usaha vidogo kama ncha ya sindano. Nikapewa dawa ya kupaka. Ndugu yangu, ningeipaka mwaka mzima bure, kwa sababu kidonda hakikuanzia kwenye ngozi.

Kumbe ni blastomaikosisi, ugonjwa wa fangasi. Fangasi wake hukaa kwenye udongo wenye unyevu na mbao zinazooza, hasa kuzunguka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na mabonde ya mito Ohio na Mississippi. Unavuta vijimbegu kwa pumzi, joto la mwili linavigeuza kuwa mfano wa hamira, kisha damu inavisambaza. Nje ya mapafu, ngozi ndiyo hupatwa zaidi. Daktari wa ngozi Gilchrist alipoueleza mwaka 1894 aliukuta kwenye ngozi, na kwa miongo mingi wengi walidhani ngozi ndiyo mlango wake.

Aliyenisaidia ni daktari wa ngozi wa tatu. Aliniuliza tu, "Unakohoa?" Akakata vinyama viwili, kimoja cha hadubini, kingine cha kuoteshwa maabara. Hicho cha pili kisitiwe formalini (dawa ya kuhifadhia vinyama), inaua fangasi. Sisitizeni hapo.

Nilimeza itrakonazoli, dawa ya fangasi ambayo hutumika miezi 6 hadi 12. Ukiacha mapema ugonjwa unaweza kurudi. Vidonge vyake vya kapsuli humezwa na chakula. Waliozidiwa huanza na amfoterisini, dawa nyingine ya fangasi ya mshipani. Kama mkeo ni mjamzito, amwambie daktari kabla ya dawa yoyote. Na msimtenge, hauambukizi kwa kukohoa.

Kuna fangasi wengine wa mapafu wanaotokea kwenye ngozi, kwa hiyo msikariri jina hili moja. Mpeleke kwa daktari wa ngozi na picha ya kifua mkononi. Akianza kuumwa kichwa sana au kuchanganyikiwa, ni hospitali siku hiyo hiyo.