Swali la lugha: Katika «kifo cha huruma», anayetenda ni nani?

Swali: Mwalimu, mimi ni muuguzi na mkufunzi wa wauguzi hapa Bukavu. Mwezi ujao nitafundisha somo la maadili ya kazi yetu, na vitabu nilivyo navyo vyote ni vya Kifaransa. Neno «euthanasie» limenishinda. Mwenzangu mmoja anataka tuandike «kifo cha huruma», mwingine anasisitiza «mauaji ya huruma», na wa tatu anapendekeza «kusaidiwa kufa». Naona kila neno linawaamulia wanafunzi kabla hatujaanza kujadiliana. Neno sahihi ni lipi? Tena, kumwondolea mgonjwa mashine ya kupumulia ni jambo hilohilo, au lina jina lake?

Jibu: Mama, umekwisha kuligusa jambo lenyewe uliposema kwamba neno linaamua kabla ya watu. Mjadala wa kuruhusu au kutoruhusu eutanasia ni mzito, na watu wenye dhamiri njema wako pande zote mbili. Mtafsiri asipokuwa mwangalifu, upande mmoja utashinda kwa jina tu, bila kutoa hoja hata moja.

Neno la Kifaransa limetoka katika Kigiriki: «eu» ni vema, «thanatos» ni kifo. Kwa asili yake, basi, halikutaja kuua. Lilitaja kufa vizuri, na wazo hilo si geni kwetu, kwa maana wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Lakini methali hiyo inamhusu anayekufa na utulivu wake; haimtaji mtu mwingine aliyesimama kando ya kitanda. Katika sheria za leo mtu huyo mwingine ndiye kiini cha neno. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 28 Mei 2002 inaieleza eutanasia kuwa ni tendo la mtu mwingine la kukatisha kwa makusudi maisha ya mtu, kwa ombi la mtu huyo mwenyewe. Tazama jinsi maelezo hayo yalivyobeba mambo manne: kuna mtendaji, kuna tendo, kuna kusudi, na kuna ombi. Tafsiri itakayoangusha mojawapo itakuwa imebadilisha jambo, hata kama inasikika vizuri masikioni.

«Kifo cha huruma» kinaangusha matatu kwa mara moja. «Kifo» ni jina linalotokana na kufa, na kufa ni kitenzi ambacho mtendaji wake ni yule yule anayekufa. Kihusishi «cha» nacho, kinapofuata neno kifo, mara nyingi hutaja chanzo, kama tunavyosema kifo cha ajali au kifo cha maji. Kwa hiyo msikilizaji anaambiwa kwamba mtu alikufa na kilichomuua ni huruma. Daktari hayupo, sindano haipo, na aliyeomba hajulikani. Sisemi kwamba wanaolitumia neno hili wana nia mbaya. Nasema kwamba limewahi kutumiwa kuficha ubaya mkubwa. Barua ya Hitler iliyotiwa tarehe ya 1 Septemba 1939, iliyowapa madaktari ruhusa ya kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, ilitumia neno la Kijerumani «Gnadentod», ambalo maana yake ni hilohilo, kifo cha huruma. Kufikia Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa chini ya mpango huo, na hakuna aliyewauliza kama walitaka kufa. Sheria ya Ubelgiji na mpango ule wa mauaji ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu asivichanganye. Ndiyo sababu sitaki jina moja livifunike vyote viwili.

«Mauaji ya huruma» yanamrudisha mtendaji, na kwa upande huo ni maneno ya kweli zaidi. Lakini hapa Kivu neno «mauaji» halisikiki kama linavyosikika kwingine. Mwanafunzi wako aliyetoka kijiji kilichovamiwa usiku akisikia «mauaji», hawazii chumba cha wagonjwa wala ombi la mtu aliyechoka na ugonjwa. Anawaza panga na moto. Huwezi kumwomba apime hoja kwa utulivu baada ya kumrudisha huko. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuandika «eutanasia», ngeli ya i-/zi-, kwa tahajia yetu, na kila mara inapotajwa kwa mara ya kwanza katika somo, ifuatwe na sentensi kamili yenye kitenzi na mtendaji: daktari kumuua mgonjwa kwa makusudi, kwa njia isiyo na maumivu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ameomba hivyo ili mateso yake yaishe. Sentensi hiyo ni nzito, lakini anayeunga mkono na anayepinga wote wanaweza kuikubali kama maelezo ya haki, kisha wakaanza kubishana.

«Kusaidiwa kufa» ni neno pole, na upole wake ndio unaonitia wasiwasi. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda, anayemlowesha midomo kwa kitambaa chenye maji, anayekaa naye saa za sakarati, huyo naye amemsaidia mtu katika kufa kwake, wala hakumuua. Ukitumia maneno hayohayo kwa sindano ya mwisho, umeitia kazi hiyo ya heshima katika mashaka. Bunge la Ufaransa, mswada ulipopigiwa kura tarehe 27 Mei 2025, nalo lilizungumzia «msaada wa kufa», na ndani ya jina hilo moja mna mgonjwa anayejipa dawa mwenyewe na mna daktari au muuguzi anayempa pale mgonjwa asipoweza. Kwa Kiswahili tunaweza kuyatenga bila taabu. Mgonjwa akiletewa dawa ya kumwua, akainywa kwa mkono wake, hiyo ni «kujiua kwa kusaidiwa», jambo ambalo Uswisi haimwadhibu msaidizi wake kwa kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1942, mradi tu hakusukumwa na tamaa yake binafsi. Silabi «ji» inasema nani ametenda.

Sasa nije kwenye mashine, na hapa naomba unistahimili kidogo, kwa sababu jambo hili nimelipitia.

Miaka kadhaa iliyopita tulikaa mimi na ndugu zangu katika ukumbi mwembamba wa hospitali moja, mama mdogo akiwa ndani, saratani ikiwa imekwisha kufika kwenye mifupa. Daktari alizungumza na muuguzi kwa Kifaransa, kwamba matibabu yanasimamishwa. Muuguzi akatugeukia, akatuambia kwa Kiswahili cha hapa: «Tunamuacha.» Kaka yangu mkubwa alisimama, mkononi ameshika risiti ya serumu aliyotoka kuilipia, akauliza: «Munamuacha namna gani, na angali anapumua?» Hakuna aliyemjibu. Usiku ule mzima tuliamini kwamba wamemtupa kwa sababu tumechelewa kulipa, na asubuhi tu ndipo tulipoelezwa kwamba kilichosimamishwa ni dawa za kupambana na saratani, ambazo hazikuwa zikimsaidia tena, na kwamba dawa ya maumivu haikukatwa hata saa moja.

Kosa halikuwa la moyo wa muuguzi yule. Lilikuwa la kitenzi. «Kuacha» kina maana nyingi mno, na kinachoziamua ni kile kinachokifuata. Kuacha matibabu ni kusimamisha kazi. Kumwacha mgonjwa ni kumtelekeza. Kumwacha afe ni kutomzuilia mauti yanayokuja yenyewe, lakini hata hapo maneno yanaweza kuwa ya uaminifu au ya ukatili, kutegemea kama kulikuwa na lolote la kufanya. Mara tu unapoweka «m» ya mgonjwa mbele ya «acha» bila kuongeza neno jingine, umemwambia ndugu kwamba mtu wake ametupwa.

Kwa hiyo, kuhusu mashine, usiseme «kumwacha» wala usiseme «eutanasia». Sema «kumwondolea mashine», kwa kuwa kinachoondolewa kinatajwa waziwazi, au «kusimamisha matibabu yasiyomfaa tena». Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Sheria mbili za Ufaransa, ya tarehe 22 Aprili 2005 na ya tarehe 2 Februari 2016, ziliruhusu kusimamisha matibabu ya namna hiyo, na ya pili ikaruhusu kumlaza mgonjwa aliye karibu kufa usingizi mzito hadi mwisho, bila yoyote kati yake kuruhusu eutanasia. Wako wanafalsafa wanaosema kwamba mpaka huo ni mwembamba kuliko tunavyodhani, kwa kuwa matokeo ni mamoja; wanafunzi wako wana haki ya kuisikia hoja hiyo, nao wataisikia vizuri zaidi kama mambo mawili yana majina mawili.

Kiswahili kinacho chombo kingine kizuri kwa mjadala huu, neno dogo «ili». Linganisha: «alimpa morfini ili afe» na «alimpa morfini ili maumivu yapungue, hata kama huenda ikafupisha siku zake». Dawa ni ileile, mkono ni uleule, ila kusudi limehama. Papa Pius wa 12 aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba jambo la pili linaruhusiwa pale ambapo hakuna njia nyingine, na Kanisa Katoliki, ambalo wengi wenu mnafanya kazi katika hospitali zake, limeendelea kukataa la kwanza. Wanafunzi waandike sentensi zote mbili daftarini, na wakiona jambo limewachanganya, wajiulize baada ya «ili» kimewekwa nini.

Kuhusu «souffrance», chagua kwa uangalifu kati ya maumivu na mateso. Maumivu ni ya mwili, na mengi yanatulizwa: jirani zetu wa Uganda tangu mwaka 2004 wamewaruhusu wauguzi waliofunzwa hasa kwa kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa morfini ya kunywa. Mateso ni mapana zaidi, yana hofu ndani yake, na aibu, na upweke. Sheria ya Ubelgiji inataja ya mwili na ya nafsi pia, kwa hiyo huko neno ni «mateso». Ila usikimbilie kuandika «mateso yasiyovumilika». Umbo hilo la «-ika» linamfuta anayevumilia, kana kwamba mtu yeyote akisimama mlangoni anaweza kuyapima. Andika «mateso ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi tena kuyavumilia», ili kipimo kibaki kwake.

Hapo ndipo neno «ombi» linapopata uzito wake, na usikubali libadilishwe kuwa «ridhaa». Ombi huanza kwa mgonjwa. Ridhaa ni kukubali lililoanzishwa na mwingine. Ubelgiji ilipopanua sheria yake mwaka 2014 ikawahusisha watoto wenye uwezo wa kupambanua, ilitenga mambo haya mawili: ombi ni la mtoto, ridhaa ni ya wazazi. Kwetu, familia husema kwa niaba ya mgonjwa katika karibu kila jambo, na tuna methali ya kulihalalisha: mgonjwa haulizwi uji. Ni methali nzuri, lakini ni ya uji. Ndugu wanapofika kwako wakisema «tunaomba mumpumzishe», sikiliza ile «tu-», kisha rudi kitandani ukamsikilize yule anayeweza kusema «naomba». Wahenga walijua pia kwamba kufa kufaana, na hofu hiyo ya kwamba mwenye kurithi ataomba haraka kuliko mwenye kuumwa ni hoja nzito, ambayo hata wanaotetea eutanasia wanaichukulia kwa uzito. Mimi mwenyewe, sikufichi, mahali ambapo familia inanunua kila kidonge kwa fedha za mfukoni mwake, naogopa ombi la kufa ambalo kwa kweli ni ombi la dawa ya maumivu. Hiyo ni hukumu yangu, si ya sarufi, na mwanafunzi anaweza kuipinga.

Na wajue sheria ya nchi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inamlinda kila mtu katika uhai wake, na kanuni yetu ya adhabu ya mwaka 1940, kifungu cha 44, inaadhibu kuua kwa kusudi. Hapa Kongo anayetekeleza ombi la namna hiyo yumo hatarini kuhukumiwa kama muuaji, hata kama alilia alipokuwa akitenda.

Kwenye ubao, basi, andika «eutanasia», «kujiua kwa kusaidiwa», «kusimamisha matibabu», na «kutuliza maumivu», kila moja na sentensi yake yenye mtendaji. Na kwa ndugu wanaosubiri ukumbini, wafundishe wauguzi wako waseme hivi, neno kwa neno: «Tumesimamisha dawa za kupambana na ugonjwa, kwa sababu hazimsaidii tena. Dawa ya maumivu inaendelea. Mimi niko naye hadi asubuhi, na ninyi mnaweza kuingia.»