Kabla hujanunua kisu cha bei mbaya, jua kwanza nani atakinoa

Washkaji hapa Arusha huwa wanashangaa sisi wapenda visu tunavyobishana kuhusu chuma utadhani ni Simba na Yanga, mara VG-10, mara D2, mara S30V, majina ya aina za chuma hayo, wanasema si kisu tu? Hapana jamani, sio kisu tu.

Iko hivi. Kisu tunataka kikae na makali, kisitoke mapengo, kisishike kutu, na kikiwa butu kinoleke bila kututoa jasho. Hakuna chuma kinachokupa yote hayo kwa ukamilifu, ukivuta huku unapunguza kule, na ubishi wote chanzo chake ni hapo. Ndani ya chuma vinachanganywa vitu, kaboni ndo inaleta ugumu, kromu ikifika asilimia 12 au 13 hivi ndo unapata stenlesi, kile kisichoshika kutu kirahisi, halafu kuna metali inaitwa vanadi ambayo inatengeneza chembe ngumu ajabu ndani ya chuma. S30V ya Marekani iliyotoka 2001 na M390 ya Böhler kule Austria zote zina vanadi kama asilimia 4, ndo maana wenye visu vya kukunja wanazililia, unakata maboksi na kamba siku nyingi na bado kisu kinanyoa vinyweleo vya mkono. Shida inakuja siku kikiisha makali, zile chembe ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea, hapo bila jiwe la almasi utasugua mpaka uchoke. Sasa we unanolea kwenye ngazi ya saruji nyuma ya nyumba, M390 ya nini?

Ndo maana mtu wa bucha simshauri huko kabisa. Visu vingi vya jikoni vya Kijerumani ni chuma kinaitwa X50CrMoV15, kaboni nusu asilimia tu na kromu 15, wapenzi wa visu wanakidharau eti laini. Laini ndiyo, lakini mbuzi ana mifupa! Kikigonga mfupa makali yanalala, unapitisha mara chache kwenye ile fimbo ya chuma yanasimama tena unaendelea na kazi. VG-10 ya Kijapani ni ngumu zaidi na inakata nyanya vizuri mno, ila igongeshe kwenye mfupa wa mbuzi uone mapengo.

Binafsi ninachokipenda kuliko vyote ni kisu cha springi ya gari. Mafundi wanaochonga sime wanatafuta springi bapa za Fuso na Land Cruiser, pale mtaa wa Unga Limited hapa Arusha hazikosekani, nyingi ni chuma cha familia ya 5160, kaboni kama asilimia 0.6 na kromu haifiki hata moja. Hakivunjiki kirahisi, na tupa ya kawaida inakinoa. Kutu ndo ugomvi wake, menya nacho ndizi za machalari ukiache na utomvu wake, ukirudi kimekuwa cheusi. Ule weusi hauna neno, kutu nyekundu ndo ya kuogopa, kwa hiyo osha, futa, paka mafuta ya alizeti kidogo, basi.

Jina la chuma lenyewe nalo lisikuzuzue, kama fundi alikichoma na kukipoza vibaya hata hiyo S30V inakuwa bati. Na wale jamaa wa kunoa kwa baiskeli mtaani, wengine wako vizuri, wengine wanakandamiza kisu kwenye jiwe mpaka ncha inageuka bluu. Ikishakuwa bluu hapo ujue ugumu umeondoka, kitakata leo na kesho hakikati. Mwambie achovye kwenye maji kila akipitisha, na kama hana hata kopo la maji pembeni, chukua kisu chako uondoke.