Mwanangu, Funga Bomba Kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza pamoja na baba yako, naye kacheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka sana, maana nilikusikia umechoka. Umesema ndani ya wiki moja umeunguza wali, maji yamefurika chumbani mpaka yakaingia kwa jirani, shati lako jeupe la kazini limekuwa la waridi, na umeme wa LUKU umeisha pasi ikiwa mkononi. Halafu ukauliza: "Mama, mbona nyumbani mambo haya hayakuwepo? Au nitafute dada wa kazi?"

Yalikuwepo, tena mengi kuliko hayo yako. Ila likitokea la kutokea, asiyezoea hukimbilia uchafu: anatafuta dekio, anakoroga, anapuliza, anamwagia maji. Aliyezoea hukimbilia lilipoanzia. Angalia mkono wako wa kwanza unakwenda wapi.

Maji, kwa mfano. Kwa ulivyosimulia, ulifungua bomba asubuhi, hukuona hata tone, ukaenda zako kazini. Mgao ukarudi mchana, ndoo ikajaa, chumba kikajaa. Jioni uliporudi ukaanza kuokoa godoro, ukachukua dekio, ndipo ukakumbuka kwamba bomba bado linamwaga. Bomba lisilotoa maji hufungwa kwa nguvu ile ile ya linalotoa. Tena mwulize mwenye nyumba koki kubwa ya uani iko wapi, uijaribu siku ambayo hakuna shida, kwa sababu koki isiyoguswa mwaka mzima hukwama siku unayoihitaji.

Kuhusu jirani, usimtumie ujumbe wa simu. Nenda ukapige hodi, mtoe godoro lake nje pamoja. Godoro la sponji lililolowa halilazwi. Lisimamishe kwa ubavu ukutani maji yashuke, baada ya muda uligeuze juu chini. Jua la huko Dodoma litakusaidia kuliko hili letu la Tanga, huku godoro linanuka kabla halijakauka. Ila juu litakauka mapema likudanganye, kwa hiyo libonyeze katikati kwa kiganja kabla hajalitandika. Na ule unga wake uliolowa, mnunulie mwingine wa aina ile ile, kilo zile zile, umpelekee. Usimpe hela. Ukimpa hela atasema "acha tu kaka," nawe utaona haya na kuirudisha mfukoni. Unga ukishafika mlangoni unapokelewa.

Moto ni habari nyingine, maana huko mkono wa kwanza ukikosea hakuna cha kudeki. Mafuta ya kukaangia yakishika moto usimwage maji hata kikombe. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Zima jiko, funika kwa mfuniko, acha mpaka yapoe kabisa, na usichungulie. Gesi nayo, ile harufu imetiwa makusudi ili ujue inavuja, yenyewe haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni. Ukiisikia usiguse swichi, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka nje. Kila ukibadilisha mtungi pakaa povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, panavuja. Kiberiti si kipimo cha gesi, nalisema hili kwa sababu namfahamu mjomba wako.

Sasa wali, hapo nina maneno. Wewe umekulia wali wa mkaa. Mkaa ukishapungua, joto lake hutawanyika chini ya sufuria yote, na juu ya mfuniko tunapalia makaa, kwa hiyo wali unaiva juu na chini. Gesi huwezi kuipalia. Moto wake unapiga mahali pamoja, na hizo sufuria zako nyepesi zinaupeleka wote kwa punje za chini, za juu zikiwa bado mbichi. Basi maji yakikaribia kukauka na wali ukaanza kutoa vishimo kwa juu, punguza moto mpaka mwisho. Weka tawa la chapati juu ya jiko, sufuria uiketishe juu ya tawa, ufunike, uache. Usifunue funue, kila ukifunua unatoa mvuke unaoivisha wali wa juu. Mfuniko ukiwa haukai vizuri, uzungushie kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, ncha zake uzipandishe juu zisiguse moto. Wako wanaoweka mfuko wa plastiki chini ya mfuniko. Usiniletee habari hiyo.

Wali ukiungua, na utaungua tena, usikoroge na wala usiongeze maji. Moshi uko chini kwenye ukoko, ukikoroga umeugawia wali wote. Zima jiko, iketishe sufuria kwenye beseni lenye maji kidogo ili chini pasiendelee kuungua, halafu uchote wali wa juu kwa upole, uutandaze kwenye sinia, uuache wazi dakika chache. Usikwangue. Mwiko ukianza kugoma, ujue umefika mwisho wa chakula. Sufuria yenyewe itie maji na sabuni kidogo, ichemshe, uzime, uiache mpaka asubuhi. Ukoko utatoka bila kukupa malengelenge. Na hao rafiki zako waliokuambia uweke kiazi kwenye mchuzi uliozidi chumvi, waambie kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, uliobaki unabaki vile vile. Ongeza maji, nyanya au tui, na siku hiyo mle mchuzi mwingi.

Shati umelifua na jezi nyekundu. Baba yako anasema hayo ndiyo malipo ya kushabikia Simba, mimi simo. Kosa lako si kuchanganya tu, ni kulianika. Nguo iliyoshika rangi ya mwenzake haianikwi wala haipigwi pasi, maana ikipata joto na kukauka rangi inazidi kushika. Isuuze palepale ikiwa bado imelowa, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe, kisha uiloweke kwenye sabuni. Kama shati ni la pamba tupu unaweza kujaribu Jiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ndani ya maji, si kulimwagia moja kwa moja. Na Jiki isikutane kabisa na dawa ya kusafishia choo, wala siki. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu, na vyoo vyenu vya kupanga havina dirisha la maana.

LUKU sina la kukufundisha, nunua kabla haijalia. Ukiona mwezi unaanza na uniti zimepungua, kumbuka kodi ya jengo inakatwa humo humo tangu 2021, na hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo zungumza naye muikate kwenye pango. Ninachotaka kujua ni kama ulichomoa pasi. Umeme ukikata, chomoa kwanza, tokeni utaingiza baadaye. Mtu anatoka kwenda kununua umeme dukani, jirani wa mita hiyo hiyo anawahi kuingiza wake, pasi inaamka imelala kifudifudi juu ya suruali.

Dada wa kazi hapana, si sasa. Chumba kimoja cha kijana asiyeoa hakina kazi ya kumshikilia binti wa watu kutwa nzima, na kazi usiyoijua huwezi kumwelekeza mtu. Kama ofisi inakubana, mtafute mama anayefua kwa siku, mkubaliane bei kabla hajaloweka nguo, na umpe chakula cha mchana. Si ule wali ulioungua.

Tawa nitalitia kwenye basi la kesho asubuhi, limefungwa na dagaa na nazi nne. Ukilipokea usilisugue kwa sabuni, lipanguse tu na kitambaa chenye mafuta. Baba yako anakusalimu, anauliza hiyo jezi nayo imebaki na rangi gani.

Mama yako